BOC-3 hatua kwa hatua: kuteua mawakala wa kupokea hati za mahakama kwa kampuni yako ya malori Marekani

Umesajili LLC (kampuni yenye dhima yenye kikomo), umepata namba ya USDOT (namba ya utambulisho ambayo serikali kuu huwapa wenye magari ya biashara), umelipa dola 300 za kuomba kibali cha kubeba mizigo ya watu, na kampuni ya bima inasubiri malipo ya kwanza. Hata hivyo namba yako ya MC, yaani namba ya kibali hicho, bado haijafunguka, kwa sababu kwenye faili lako kuna pengo moja: BOC-3. Ndugu zetu wengi wanaoanzisha kampuni za malori kule Columbus, Louisville, Des Moines au Dallas hulisikia jina la fomu hii kwa mara ya kwanza wakiwa hapo, na ushauri wanaopewa na wenzao ni mfupi: lipa, ujaziwe, usahau.

Kulipa na kujaziwa ni sawa, ndivyo inavyofanyika. Kusahau ndiko kunakowaponza watu. BOC-3 ndiyo njia ambayo kesi itapitia kukufikia siku lori lako litakapopata ajali au mzigo wa mtu utakapoharibika. Njia hiyo ikiziba, kesi haisimami kukusubiri. Inaendelea bila wewe. Kwa hiyo humu nimeeleza kwa kifupi jinsi ya kuiweka fomu, na kwa urefu jinsi ya kuitunza.

Fomu inafanya kazi gani

Sheria ya serikali kuu, 49 U.S.C. 13304, pamoja na kanuni za 49 CFR sehemu ya 366, inamtaka mwenye kampuni inayobeba mizigo kwa malipo baina ya majimbo awe na mtu, katika kila jimbo anakofanya kazi au anakopita, wa kumpokelea hati za mahakama. BOC-3 ndiyo fomu ya kuwataja watu hao kwa FMCSA, idara ya serikali kuu inayosimamia usalama wa malori na mabasi ya biashara.

Sheria hii ipo kwa ajili ya kulinda haki ya mtu mwingine. Tuseme lori lako limesajiliwa Ohio na limeligonga gari la mama mmoja huko Kansas. Bila wakala, wakili wa mama huyo angelazimika kukusaka Ohio, na kama umehama nyumba huenda asikuone kabisa. Ukiwa na wakala Kansas, anapeleka hati kwa wakala huyo, na mbele ya mahakama ni sawasawa na kukukabidhi wewe mkononi. Wazo lenyewe lina umri mrefu. Mwaka 1927, katika kesi ya Hess dhidi ya Pawloski, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali sheria ya Massachusetts iliyosema kwamba dereva wa jimbo jingine, kwa kule kutumia tu barabara za Massachusetts, amekubali ofisa wa jimbo hilo ampokelee hati za kesi za ajali. Hess alikuwa mkazi wa Pennsylvania. Kwa malori ya biashara, unatakiwa uwataje mawakala wako kabla hujabeba mzigo wa kwanza.

Wakala huyu hakutafutii mizigo kama broka, wala hakupangii safari kama dispacha. Si kama wakala wa forodha wa Malaba au Tunduma, anayekutolea mzigo mpakani. Na si wakili: hatajibu kesi kwa niaba yako, hatakwenda mahakamani, wala hatakuambia cha kufanya. Anapokea karatasi na kukutumia, basi.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba unaihitaji

Kama unaendesha chini ya namba ya kampuni nyingine, yaani umelikodisha lori lako kwa kampuni yenye MC na jina lao ndilo lililo mlangoni, BOC-3 ni yao. Huhitaji yako. Madereva wengi huanza hivyo, na hakuna haja ya kulipia kitu ambacho kampuni uliyo chini yake tayari inacho.

Kama unabeba bidhaa zako mwenyewe, mathalani una duka la vyakula na unakwenda kuzichukua kwa lori lako, kibali cha MC hakikuhusu, na BOC-3 kwa kawaida pia haikuhusu.

Kama kazi zako zote ziko ndani ya jimbo moja, hapa kuwa mwangalifu. Wengi hudhani kwamba lori lisipovuka mpaka wa jimbo, basi safari ni ya ndani. Sheria inaangalia safari ya mzigo. Kontena lililoshuka melini katika bandari ya Houston na linaloendelea hadi kwa mteja Dallas linabaki Texas muda wote uliokuwa nalo, lakini ni sehemu ya biashara ya kimataifa, na anayelibeba kwa malipo anahesabiwa kuwa yumo katika biashara hiyo. Wenzetu wengi wanaofanya kazi za bandarini wako katika hali hii.

Mabroka wa mizigo nao wanaihitaji, ingawa hawana hata lori moja. Wao huteua mawakala katika majimbo yenye ofisi zao na yale wanakoandikia mikataba. Kampuni za Kanada zinazoingia Marekani hazina msamaha: kila jimbo la Marekani wanalopita lazima liwe na wakala.

Hatua ya 2: Hesabu majimbo unayopita, pamoja na yale usiyopakia wala kupakua

Unatoka Columbus kwenda Denver kwa barabara ya I-70. Umepakia Ohio na kupakua Colorado. Katikati umepita Indiana, Illinois, Missouri na Kansas. Majimbo yanayotakiwa kuwa na wakala ni sita. Kesho broka atakupa mzigo wa Georgia, keshokutwa wa Pennsylvania, na orodha inazidi kurefuka.

Ndiyo maana karibu kila mtu huchukua uteuzi wa jumla, unaogusa majimbo yote 50 pamoja na District of Columbia, yaani mji mkuu Washington. Kuna kampuni ambazo tayari zimewasilisha FMCSA orodha ya mawakala wao wa kila jimbo. Wewe unaitaja kampuni hiyo moja, na orodha yake nzima inakuwa yako. Kisheria unaweza kutafuta wakala mmoja mmoja, kila mmoja akiwa anaishi au ana ofisi katika jimbo lake. Kwa anayesafiri njia zisizotabirika sioni faida ya usumbufu huo.

Hatua ya 3: Chagua kampuni ya kukuwekea fomu

Mwenye malori hawezi kujiwekea BOC-3 mwenyewe. Fomu inawasilishwa na wakala kwa niaba yake. Broka asiye na magari ya biashara ndiye anayeruhusiwa kujiwekea.

FMCSA yenyewe ina orodha ya kampuni zinazotoa uteuzi wa jumla kwenye tovuti yake. Anzia hapo. Usianzie kwenye simu uliyopigiwa. Ukishaomba MC, jina lako, anwani na namba yako ya simu vinakuwa wazi kwa umma, na simu zitamiminika siku hiyohiyo. Baadhi ya wapigaji watazungumza kama maofisa wa serikali, watakuambia kibali chako kitafutwa leo, watadai namba ya kadi ya benki. Barua nazo zitakuja zenye picha ya ndege tai na nembo zinazofanana na za serikali. FMCSA haitozi ada ya kupokea BOC-3, kwa hiyo anayekudai "ada ya serikali ya BOC-3" anakudanganya. Tovuti za serikali kuu ya Marekani huishia na .gov, isiyoishia hivyo ni ya kampuni binafsi, hata ikijiita jina zito kiasi gani. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mtu aliyetoka kambi ya wakimbizi au nyumbani Afrika, aliyezoea kuziheshimu karatasi za serikali, ndiye anayetishwa kwa urahisi zaidi.

Bei za kampuni hizi hutofautiana sana kwa huduma ileile. Kabla hujalipa, uliza maswali haya na uombe majibu kwa maandishi:

Je, malipo ni ya mara moja au ni ya kila mwaka? Wapo wanaotoza kidogo mwanzoni, kisha kadi yako inakatwa kila mwaka bila wewe kukumbuka. Kulipa kila mwaka si kosa, bora ujue.

Je, nisipolipa mwaka ujao, mtajiondoa kwenye uwakala? Mtanijulisha vipi kabla ya kujiondoa?

Je, hati ya mahakama ikifika kwa wakala wenu, mnanitumia kwa njia gani, na baada ya siku ngapi? Kuna gharama ya ziada kwa kila hati?

Swali la mwisho ndilo lenye uzito. Kampuni yenye bei ya chini kabisa, lakini inayotuma samansi (wito wa mahakama) kwa barua ya kawaida tu, inaweza kukugharimu kuliko ile inayopiga simu, inayotuma barua pepe na kukufungulia akaunti ya kuona hati zako. Mimi ningelipa zaidi kidogo kwa huduma hiyo.

Hatua ya 4: Toa jina na namba bila kukosea herufi

Watakuomba jina la kisheria la biashara, jina la kibiashara kama unalo, anwani, namba ya USDOT na namba ya MC. Andika jina kama lilivyo kwenye rekodi ya FMCSA, herufi kwa herufi. Kama kule imeandikwa "LLC" mwishoni, iwepo na hapa. Wenye majina yanayoandikwa kwa namna zaidi ya moja, kama Muhamed na Mohamed, au wanaotanguliza jina la ukoo kama ilivyo kwa wengi waliotoka Congo, waangalie hapa mara mbili. Jina la BOC-3, jina la bima na jina la MC yakitofautiana, faili linakwama, na kila siku ya kukwama lori limesimama huku bima ikilipiwa.

Kwa bahati njema, kampuni nyingi huwasilisha kwa njia ya mtandao na kazi haichukui muda.

Hatua ya 5: Angalia mwenyewe kama imeingia

Usiridhike na risiti. Ingia kwenye mfumo wa FMCSA uitwao Licensing and Insurance, tafuta kwa namba yako ya USDOT au MC, uone kama BOC-3 inaonyesha kuwa ipo. Hapohapo tazama kama bima imeingia pia. Bima huwekwa na kampuni ya bima yenyewe kwa fomu ya BMC-91 au BMC-91X. Kwa lori kubwa la mizigo ya kawaida kiwango cha chini ni dola 750,000, ingawa mabroka wengi hawatakupa mzigo ukiwa chini ya milioni moja. Maombi mapya pia hutangazwa hadharani kwa siku 10 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Kibali hakifunguki hadi hivi vyote vikamilike, na kubeba mzigo kabla ya hapo ni kosa hata kama BOC-3 yako ni safi.

Omba nakala ya fomu iliyowasilishwa. Unatakiwa kuwa nayo moja katika makao makuu ya biashara yako, hata kama makao hayo ni meza ya jikoni. Ihifadhi pamoja na orodha ya mawakala wa majimbo yote.

LLC nayo ina wakala, na ni mwingine

Ulipofungua LLC, jimbo lilikutaka utaje wakala aliyesajiliwa. Huyo ni wa kampuni, katika jimbo ulikoisajili, na ni takwa la sheria za jimbo. BOC-3 ni takwa la serikali kuu, kwa ajili ya usafirishaji, kila unakopita. Kuwa na mmoja hakukupi mwingine. Nimeona watu wakijibu "tayari ninaye wakala" huku wakimmaanisha wa LLC, na maombi yao ya MC yakikaa wiki nzima bila kusogea.

Lipo pia tatizo la upande wa pili: kesi inaweza kukujia kupitia yeyote kati ya hao wawili. Ukijiandikisha wewe mwenyewe kuwa wakala wa LLC kwa anwani ya apartimenti, kisha ukawa barabarani majuma matatu, hati itafika mlangoni wakati wewe uko Nevada.

Kuitunza njia

Sasa tumefika mahali ambapo watu huanguka. Mnyororo ni huu: mahakama, wakala wa jimbo, kampuni ya uwakala, wewe. Pete tatu za kwanza hazihami ovyo. Anayehama nyumba, anayebadilisha namba ya simu na kusahau neno la siri la barua pepe ni mwenye lori.

Ukihama, siku ileile wajulishe watu hawa: kampuni ya BOC-3, FMCSA, kampuni ya bima, na jimbo lenye LLC yako. Kubadilisha anwani posta peke yake hakutoshi. Kuibadilisha FMCSA peke yake nako hakutoshi, maana kampuni ya uwakala haiangalii rekodi za FMCSA kila siku ili ikuone umekwenda wapi. Wape pia barua pepe ya biashara isiyotegemea simu moja, na jina la mtu wa pili anayeweza kupokea taarifa ukiwa njiani: mke, mume, ndugu, au mhasibu wako.

FMCSA inakutaka uhuishe taarifa zako kwa fomu ya MCS-150 kila baada ya miaka miwili. Mwezi wako unaonyeshwa na tarakimu ya mwisho ya namba ya USDOT: 1 ni Januari, 2 ni Februari, hivyo hivyo hadi 0, ambayo ni Oktoba. Tarakimu ya pili kutoka mwisho ikiwa witiri, unahuisha miaka ya witiri. Ikiwa shufwa, miaka ya shufwa. Siku hiyohiyo ipigie simu kampuni ya BOC-3 na uwaulize wana anwani gani yako kwenye faili.

Ukibadilisha biashara kutoka jina lako binafsi kuwa LLC, au ukibadilisha jina la kampuni, BOC-3 ya jina la zamani haihamii kwenye jina jipya yenyewe. Iwekwe upya.

Samansi ikifika

Tuseme ujumbe umeingia: wakala wako wa Texas amepokea hati. Kwanza andika tarehe wakala alipozipokea, siyo tarehe wewe ulipozisoma. Saa ya mahakama ilianza kuhesabu siku ile ya wakala. Katika mahakama za serikali kuu una siku 21 za kujibu. Mahakama za majimbo zina hesabu zao: Ohio siku 28, California siku 30, na Texas ni hadi saa nne asubuhi ya Jumatatu inayofuata baada ya siku 20 kumalizika. Muda ukipita kimya, mdai anaweza kuomba hukumu ya upande mmoja. Mahakama itatoa uamuzi bila kukusikia, hata kama kosa la ajali lilikuwa la mwenzako na una video ya kamera ya kioo cha mbele inayothibitisha.

Pili, siku hiyohiyo itumie kampuni ya bima hati zote, kurasa zote, kwa njia inayoacha ushahidi. Piga simu pia, uchukue namba ya madai. Kwa kawaida bima yako ndiyo itakayokulipia wakili wa kesi ya ajali, lakini mkataba unakutaka uwajulishe haraka. Wengi hawaelewi jambo hili: bima za malori huwa na kiambatisho kiitwacho MCS-90, ambacho huwalinda watu walioumizwa na lori. Kampuni ya bima inaweza kulazimika kumlipa aliyeumia hata pale ambapo wewe umevunja masharti ya mkataba, kisha ikageuka na kukudai wewe fedha hizo. Aliyenyamaza na samansi akidhani bima itamaliza yote anaweza kujikuta anadaiwa na bima yake.

Tatu, usimpigie aliyekushtaki wala wakili wake kueleza upande wako. Usifute ujumbe wala video, usirekebishe logi, yaani kumbukumbu za saa za kuendesha. Mwambie dereva wako naye asiandike lolote kuhusu ajali kwenye makundi ya WhatsApp.

Nne, kama Kiingereza cha mahakama kinakushinda, tafuta mtu mzima anayeaminika au wakili akusomee. Watoto wetu wanatusaidia kwa mengi, lakini samansi si kitu cha kumpa mwanafunzi wa sekondari akutafsirie mezani. Kosa moja la tarehe linatosha kuiangusha kampuni.

Kama kesi ni ya mzigo ulioharibika au deni la mkataba, bado anza na bima, ila jiandae kwamba baadhi ya madai hayamo kwenye mkataba wako na utahitaji wakili wako mwenyewe.

Kubadilisha wakala, au kufunga biashara

Uteuzi mmoja tu ndio unaokaa kwenye faili kwa wakati mmoja. Ukitaka kuhamia kampuni nyingine, huanzi kwa kufuta. Unaiambia kampuni mpya iwasilishe BOC-3 mpya, nayo inachukua nafasi ya ile ya zamani. Ukishaiona mpya kwenye mfumo wa FMCSA, ndipo uvunje mkataba wa zamani na kuzuia kadi isikatwe. Ukianza na kuvunja, unaweza kukaa siku kadhaa bila wakala, na kampuni isiyo na BOC-3 inaweza kunyang'anywa kibali.

Na ukiuza lori na kuacha kazi, usikate huduma wiki ileile. Ajali ya mwaka jana inaweza kuletewa kesi mwaka huu au ujao. Majimbo mengi humpa aliyeumia miaka miwili au mitatu ya kushtaki. Kabla hujaondoka, iachie kampuni ya uwakala anwani yako mpya na barua pepe utakayoendelea kuifungua, umwulize wakili au mtu wako wa bima ni hadi lini uendelee kulipia, na uzihifadhi sera za bima za miaka yote uliyokuwa barabarani.